Mkate Nilioukataa

Kwetu Kamenge, mtu akienda kumwangalia mgonjwa haendi mikono mitupu. Anabeba mkate. Akiwa na uwezo anaongeza soda au sukari, lakini mkate ndio wa lazima, kwa sababu ni laini, unashuka kooni bila shida, na bugali ni chakula cha wenye nguvu. Mimi nilikuwa mgonjwa tangu utotoni, kwa hiyo nilikula mkate mwingi kuliko mtoto yeyote wa mtaa wetu. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliye mahali nilipokuwa, au mwenye mtoto aliye hapo. Mimi si daktari. Nilisoma shule ya msingi tu, na mambo ya ndani ya ugonjwa nitayasema kwa ufupi, kama nilivyoelezwa.

Tumbo langu lilijaa kama ngoma, na chini yake ilining'inia miguu miwili myembamba. Niliharisha wiki nzima, nikapumzika kidogo, kisha nikaanza tena. Nilipokuwa na miaka kumi na sita watu walidhani nina kumi. Jina langu ni Dona, lakini watoto wa barabarani waliniita Bwana Kitumbo.

"Bwana Kitumbo, umemeza mupira wa nani? Turudishie, tucheze!"

Sikuwajibu. Sikuwa mtu wa kujibu. Hata nyumbani nikitaka chumvi nilingoja mpaka mtu mwingine aiombe.

Mama alinitunzia mkate kwenye kopo ili wadogo zangu wasiufikie. Wao walikula bugali na sombe ya majani ya mihogo huku wakinitazama kwa wivu. Na kila asubuhi jirani yetu Mama Zuena, aliyekuwa na tanuri la udongo nyuma ya nyumba yake na kuuza mikate mtaani, alinikatia kipande cha kwanza, bado cha moto.

"Kula, mutoto wangu," alikuwa akisema. "We ndo unanionjea kama imeiva."

Hakutaka kulipwa. Alisema sala yake fupi, akapuliza mvuke, akanipa.

Vita vilipofika kwetu tulikimbia. Sitaeleza yote. Tulipita Carama, tukapanda milimani, tukakaa huko kwa watu wasiotujua, msimu mmoja wa mvua na kiangazi chote kilichofuata. Mkate haukuwepo. Tulikula mihogo, viazi vitamu, na maharage tulipoyapata. Kila mtu alikonda. Mimi peke yangu nilinenepa. Tumbo lilirudi ndani, choo kikawa choo cha mtu mzima, na nikaweza kupanda kutoka bondeni na dumu la maji bila kulitua njiani. Siku moja Mama aliniona nikipanda hivyo, akacheka, katika siku ambazo hakuna aliyecheka.

"Ona huyu," alisema. "Vita inatumaliza sisi wote, yeye inamupa nyama!"

Tulidhani ni hewa ya mlimani.

Tuliporudi Kamenge nyumba haikuwa na paa. Baba ni fundi wa kujenga. Alitandika shitingi, turubai la plastiki, juu ya kuta, tukaingia. Mama Zuena alikuwa amerudi kabla yetu, na tanuri lake lilikuwa limesimama. Mkate wa kwanza aliouoka baada ya kurudi kwetu alinipa mimi, mzima, si kipande. Niliula wote nikiwa na furaha ya kuwa nyumbani. Kabla ya mvua kuanza nilikuwa siwezi kusimama.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwetu, tumbo likiuma bila kupona, watu hawaulizi ni ugonjwa gani. Wanauliza ni nani. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, Baba akidhani nimesinzia, nikamsikia akimwambia Mama:

"Tulipokuwa mbali naye, mutoto alipona. Tumerudi karibu naye, anakufa. Mutu anakulishia mutoto kila siku, hataki kitu. Anatafuta nini?"

"Baba Dona, usiseme hivyo. Yule mama anaswali mara tano."

"Na kati ya hizo tano anafanya nini?"

Tangu siku hiyo Baba hakumsalimia Mama Zuena tena. Mkate wake ulikatazwa nyumbani kwetu. Badala yake Baba akaanza kuninunulia mkate wa dukani, mjini, uliofungwa kwenye karatasi. Alirudi nao jioni hata siku ambazo yeye mwenyewe alishinda na njaa kazini. Nami nilizidi kuharibika, na Baba akazidi kuamini kwamba sumu ilikwishaingia.

Katika kiangazi kilichofuata tumbo lilifunga. Choo hakikutoka wala hewa, nikatapika maji ya kijani. Baba alinikalisha juu ya baiskeli, yeye akisukuma, Mama akinishika mgongo. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alinyoosha mkono.

"Huyu mutoto ana mimba?" akauliza, na wenzake wakacheka. Kisha akauona uso wangu, akaacha kucheka. "Piteni, piteni. Haraka."

Nilipasuliwa siku hiyohiyo. Nilipoamka nilikuwa na mpira puani, na mshono ulioshuka kutoka juu ya kitovu mpaka chini yake. Daktari alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alituambia amekata sehemu ya utumbo yenye uvimbe, na kwamba kipande kitapelekwa ng'ambo kusomwa. Tungoje.

Kungoja ni kazi. Nadhani nimeijua kuliko kazi nyingine zote. Kila juma nilirudi kusafishwa kidonda na kuuliza kama jibu limefika. Ukumbi wa kungojea ulikuwa na mabenchi machache, na aliyetaka kwenda chooni aliacha kiatu kimoja juu ya nafasi yake. Siku nyingine tulisikia bunduki zikilia kutoka vilimani. Vichwa vyote viligeuka kuelekea dirishani, lakini hakuna aliyeinuka, maana ukiinuka nafasi imekwenda. Bibi mmoja karibu nami alisema, "Na waje. Wakifika watapanga foleni kama sisi." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikishika mshono.

Na wote walionihurumia waliniletea mkate.

Jibu lilirudi mvua zikikaribia. Daktari alituketisha, mimi na Mama.

"Yamerudi majina mawili," alisema. "La kwanza ni kansa. Aina yake inaitwa limfoma. La pili ni jina ambalo sijawahi kumwandikia mutu hapa. Seliaki. Maana yake utumbo wako haupatani na ngano. Kila ukila ngano, utumbo unachubuka. Umechubuka miaka mingi, na hapo palipochubuka ndipo kansa imeota. Wengi wenye ugonjwa huu hawafiki kwenye kansa. Wewe umefika."

Mama alishika ukingo wa meza. Daktari akaniuliza, "Kuna wakati ulikuwa muzima?"

Mama alifungua mdomo anijibie, kama alivyofanya siku zote. Daktari akainua mkono. "Ngoja kidogo, Mama. Yeye."

Nilitazama vidole vyangu. Alingoja kweli. Mwisho nikasema, "Tulipokimbia."

"Mulikula nini huko?"

"Mihogo. Viazi."

"Na mukate?"

"Haukuwepo."

Daktari alivua miwani, akainama kidogo mbele. Alitikisa kichwa polepole kwa kukubali, kama mtu aliyekuta kitu alichokuwa akikitafuta. Lakini Mama aliweka mikono kichwani. "Yoo! Mi ndo nilikuwa namufichia kwenye kopo!"

"Mama, hukujua. Hata sisi hatukujua," daktari alisema. Kisha akanigeukia mimi, si Mama. "Dawa zitapigana na kansa. Lakini ukila ngano utumbo hautapona, na mwili hautabeba dawa. Vyote viwili pamoja, una njia. Kimoja bila kingine, huna. Umesikia? Hata kipande kidogo. Hata cha heshima."

Nilisema nimesikia. Nilichokiogopa zaidi ya sindano ni hicho cha mwisho. Mimi sikuwahi kumwambia mtu mzima hapana.

Baba alikuwa akingoja nje kwenye ngazi. Mama alipomweleza, alisimama ghafla. "Kwa hiyo ni mukate wake!"

"Ni mukate wote, Baba Dona," Mama alisema taratibu. "Hata ule wa kwako."

Baba aliketi tena. Kisha tukarudi nyumbani. Hapo hakuingia ndani. Alivuka uwanja mdogo, akasimama mlangoni kwa Mama Zuena, akavua kofia. Mimi nilikuwa nimeketi kizingitini kwetu, nikasikia yote.

"Mama Zuena. Nilikuwaza vibaya."

"Najua," alijibu akiwa na unga mpaka viwikoni. "Mutaa muzima unajua. Kuku wangu nao wanajua."

Baba akamweleza habari ya ngano. Mama Zuena akamsikiliza, kisha akaketi chini palepale. "We! Kumbe mi kweli nilikuwa namuua? Na bismillahi juu?" Akaanza kulia, na katikati ya kilio kicheko kikamshika, na Baba naye, ambaye sikuwahi kumwona akicheka na mwanamke wa jirani, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Siku ya pili alikuja na vitumbua vya mchele, vimepikwa kwenye chuma kipya ambacho hakijawahi kuguswa na ngano. Aliviweka mbele yangu na kurudi nyuma hatua kadhaa, mikono mgongoni, kwa sababu nguo yake ilikuwa na unga.

Basi dawa zikaanza, pamoja na mvua. Ilikuwa serumu moja ya kudondoshewa mshipani, kisha kupumzika wiki tatu, kisha nyingine. Kuna dawa moja nyekundu kama maji ya tunda la sombodia lililoiva. Sista aliyenihudumia aliniambia mapema, "Utakojoa nyekundu, usishituke." Mimi sikushtuka. Lakini sikumwambia Mama, na alipokwenda kumwaga chombo cha mkojo alipiga kelele ambayo ilimtoa Baba mbio akiwa na sabuni usoni.

Mdomo ulichanika ndani. Harufu ya mafuta ya taa ilinitapisha, kwa hiyo Mama alihamishia jiko nje na kupika akiwa amejifunika mwavuli. Wadogo zangu walinuna kwamba kila kitu sasa ni cha Dona: chungu cha Dona, mwiko wa Dona, kisu cha Dona. Baba na Mama waligombana kuhusu nani aende kazini na nani aende nami hospitali. Nayaandika haya kwa sababu mtu akisoma kwamba nilipona anaweza kudhani nyumba yetu ilikuwa na amani. Ilikuwa na kelele. Lakini kila siku ya serumu kulikuwa na mtu kando yangu.

Nywele zilipoanza kutoka kwa mafungu, Baba alininyoa kipara. Kwetu, kichwa kilichonyolewa hivyo ni cha msiba. Kesho yake walikuja majirani watatu wakiwa na sura za huzuni, wakaketi, wakakaa kimya kwa adabu. Mwisho mmoja akatoa pole ya msiba na kuuliza, "Ihangane, Mama Dona. Ni nani ametutoka?"

"Hakuna," Mama alijibu. "Zimekufa nywele tu."

Baada ya serumu ya tatu, dawa zilikosekana. Nchi ilikuwa imefungiwa mipaka na vitu vingi havikufika. Tulirudi mara nyingi, Sista akitikisa kichwa kabla hatujafika mezani. Kila asubuhi nilijikandakanda tumbo nikitafuta kama uvimbe umerudi. Huo ndio wakati niliolala na hofu, kuliko wakati wa kutapika. Kisha siku moja Sista alitupungia akiwa bado mbali, kwa mikono yote miwili, na Mama akaanza kukimbia kwenye ukumbi kama msichana.

Ni katika siku hizo alikuja Baba Mudogo Lazaro, mdogo wake Baba, kutoka mlimani. Alitembea siku nzima na kulala njiani kwa sababu ya vizuizi. Alikuwa na mkate mkubwa alioununua njiani, mtaa wa Mutakura, ameufunga ndani ya koti lake ili mvua isiuguse, na yeye mwenyewe alikuwa amelowa mpaka mifupa. Nyumba ilijaa watu waliokuja kumsalimia. Aliketi karibu nami, akaufungua mkate, akamega kipande, akakila mbele ya wote, akameza. Kisha akamega cha pili, akaninyooshea.

Asiye wa kwetu hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Anayekupa chakula huonja kwanza, uone kwamba ni safi. Akishaonja, ukikataa, umemwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mwenye sumu. Watu wameacha kuzikana kwa sababu ya hilo. Na miaka ile ya vita, ambapo kila mtu alimwogopa kila mtu, lilikuwa baya mara mbili.

Baba alisogea ili aseme kwa ajili yangu. Sijui nilipata wapi nguvu. Damu yangu siku zile ilikuwa maji. Nilimshika Baba mkono.

"Apana, Baba Mudogo," nilisema.

Kipande kilibaki hewani. "Apana?" alisema. "Nimeonja. Umeniona."

"Nimekuona. Sikukatai wewe, nakataa ngano. Utumbo wangu hauitaki, na kansa imetoka humo. Nikila, dawa zote za daktari ni bure. Wa Mama siuli. Wa Baba siuli." Bado nilikuwa nimemshika Baba mkono. "Hata padri nimemukatalia hostia, nayo ni ya ngano."

"Umemukatalia padri?"

"Ndiyo. Sasa ananipa divai."

Baba Mudogo alikishusha kipande. Kisha akageuka kwa watu. "Wasikieni! Mukate anakataa, divai anakubali. Ugonjwa huu una akili kuliko mimi!"

Nyumba nzima ilipasuka kwa kicheko. Akakila kile kipande mwenyewe, akapangusa mikono kwenye nguo, akaenda kunawa alipoambiwa. "Sasa leteni kitu ambacho huyu muzee anakula." Mama akaleta viazi vitamu. Alinisogezea sahani, nikaonja mimi kwanza, nikameza, nikampa. Tukala sahani moja mpaka ikaisha. Ulikuwa mlo wa kwanza katika miezi ile ambao sikuutapika.

Serumu ya mwisho niliipata kiangazi kikiwa kimeiva, majani ya kando ya barabara yamekuwa ya kahawia. Baada ya hapo walinilaza kwenye mashine ya kuangalia ndani ya tumbo, wakanipaka mafuta mazito ya baridi. Daktari alisogeza kifaa juu ya mshono, huku na huku. Mama alisimama miguuni pangu.

"Hakuna," daktari alisema.

"Hakuna nini?" Mama akauliza.

"Hakuna kitu, Mama. Uvimbe hakuna. Na utumbo umetulia."

Mama alitoka mpaka ukumbini, nami nikimfuata, akapiga vigelegele ambavyo nadhani vilifika Carama. Askari wa mlangoni aliingia mbio na bunduki yake. "Kuna nini? Nani amelia?"

"Mutoto wangu! Hana kitu!" Mama alimwambia akimshika bega. "Angalia, hana kitu!"

Askari alinitazama, mimi mwenye kipara na suruali ninayoishikilia kwa mkono, akashusha bunduki. "Eh, Mama. Basi piga kingine." Na watu wa mabenchini, waliokuwa na maumivu yao wenyewe, walipiga makofi.

Sijui kama itarudi. Daktari hakuniahidi, na kila kiangazi naenda kupimwa. Lakini kama una tumbo lisilopona, au mtoto wako hakui, fikiria ni lini mwili ulikuwa na amani na ulikuwa unakula nini, na umwambie daktari hata kama hajauliza. Na ukiambiwa kuacha kitu, kiache mbele za watu, kwa sauti. Ukikikataa kwa siri utakila kwa aibu. Wanaokupenda watakasirika, kisha watauliza unakula nini, nao watakuletea.

Jambo moja limebaki. Mapigano yalipokaribia tena, wazazi walinipeleka kwa Baba Mudogo mlimani, nikakaa huko msimu mzima wa kulima. Nilikula mihogo, maharage, samaki wadogo, ndizi. Mwili wangu, uliokuwa umesimama miaka yote hiyo, ukaondoka kwa kasi kama mtu aliyechelewa. Suruali zilipanda juu ya vifundo. Mifupa iliniuma kwa kukua, na niliyapenda maumivu hayo.

Nilirudi Kamenge bila kutangaza, alasiri moja ya mvua. Mlango wetu ulikuwa na komeo, kama milango yote siku zile. Nikagonga.

"Hodi."

Nikasikia viti vikisogezwa ndani, na wadogo zangu wakivutwa kuelekea chumba cha nyuma.

"Ni nani?" Sauti ya Mama ilikuwa nyembamba.

"Ni mimi."

"Mimi nani? Bwana wangu yuko hapa ndani! Yuko na askari wawili!"

"Mama, ni Dona."

Komeo likaguswa, kisha likaachwa.

"Dona wangu ni mutoto," alisema. "Hana sauti hiyo."

"Ni mimi, Mama. Fungua, nalowa."

Komeo lilitoka polepole. Mlango ukafunguka kidogo, kisha wote. Mama alitazama mahali uso wangu ulipokuwa zamani, akakuta kifua, akainua macho, akaendelea kuyainua. Aliweka kiganja kooni mwangu, pale sauti inapotokea.

"Sema tena," alisema.

Nikasema tena, nikiwa bado nimesimama mvuani, mara nyingi kadiri alivyotaka.